Siku Tano za Rembani

Neno Rembani lilipoanza kutembea midomoni mwa watu wa Amu, ndiyo Lamu, mimi nilikuwa mmoja wa waliolitembeza. Sisemi ndimi niliyelizaa. Hadithi yake niliipata Pate, kwa nyanya yangu mzaa mama, na yeye aliipata kwa waliomtangulia. Ila yeye aliihadithia hadi mwisho wake. Mimi nikaukata mwisho.

Zamani, alikuwa akisema, palikuwa na mji ukiitwa Rembani, na katika mji huo palikuwa na yumbe, jumba la mfalme. Ulikuwa wapi, hakuna ajuaye. Watu wa Pate husema ulikuwa Manda, watu wa Shela husema ulikuwa bara, na watu wa bara ukiwauliza hucheka tu. Katika yumbe hilo mgeni akiingia haulizwi neno. Awe mwana wa sharifu, awe mchukuzi wa maji, huogeshwa, miguu yake hukandwa kwa mafuta, huletewa sinia la wali wa zafarani akala mpaka aseme basi mwenyewe, kisha hutandikiwa kitanda alale. Akiamka kwa hiari yake ndipo mfalme humkalia kitako na kumwuliza, "Haya bwana, utokako kuna habari gani?" Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Rembani, na kwa sheria hiyo watu waliishi miaka mingi hawajasikia neno baya wakiwa na tumbo tupu.

Hapo mimi huishia. Nyanya yangu alikuwa hajamaliza. Yeye husema siku moja alikuja mtu mbio kutoka pwani, pumzi zimemwisha, ana neno la kusema. Watumishi wakamwambia, starehe kwanza. Wakamwogesha, wakamlisha, wakamlaza. Alipoamka na kuulizwa habari akasema jeshi la adui limeshuka jana alasiri. Wakati huo jeshi lilikuwa mlangoni.

Nilipokuwa kijana niliihadithia hivyo hivyo, nzima. Kisha mwaka wa thelathini na nane niliitwa kuhadithia katika arusi moja mtaa wa Mkomani, na mama wa bibi arusi akanitumia mtu: "Mwambieni Shekhan hadithi yake iishe kitandani. Majeshi hatuyataki arusini kwetu." Nikaishia kitandani. Sijawahi kupigiwa vigelegele kama siku ile. Tangu hapo, kila nilikopita, Malindi, Mombasa, Lindi, hata Mukalla ya Arabuni nilikokaa miezi minane nikifua nguo za mabaharia, nilikwenda na Rembani ya nusu. Watu waliipenda, na mimi napenda kupendwa, siwezi kukataa.

Ukikata mwisho wa hadithi, kinachobaki ni raha tupu. Basi jina likawa ndilo hilo. Maarusi wako ndani siku saba, watu husema wako Rembani. Mtoto ameshiba maziwa na kulala, mama yake husema huyu yuko Rembani. Kufika miaka ya sitini, ukimwuliza mtu wa mtaa wa Langoni habari za asubuhi na mambo yake ni mazuri, hakujibu njema wala salama. Alikujibu, "Rembani."

Mwaka wa sitini na tano bara kulikuwa hakukaliki. Vita vya mashifta vilikuwa vimepamba moto, na watu wa vijiji vya kule, kutoka Mkokoni na kwenda juu, walivuka na walichoweza kubeba wakaja visiwani. Waliotoka Mwambuni, kijiji kidogo cha nyumba ishirini na tatu, walikuwa jamaa kumi na mbili. Walipangishwa vibanda vya makuti nyuma ya Langoni, wawili watatu katika chumba kimoja. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanamkisi, mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mikono haitulii. Wakati wote ungemkuta anasuka ukili, na ulimi wake ulikwenda kasi kuliko vidole.

Nilimzoea kwa sababu alinicheka. Siku ya kwanza nilipopita kibandani kwake aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Pate, ila nimekaa huku na huku.

"Basi wewe ni kiguu na ndia," akasema. "Miaka yote hiyo hukupata mtu wa kukufunga kamba?"

"Walinifunga wawili, Bi Mwanamkisi. Kamba zilikatika."

"Hazikukatika. Ulizitafuna."

Wanawake waliokaa naye wakacheka, na mimi nikacheka, nikaketi. Alikuwa hana mtoto. Aliyekuwa naye ni Hamdun, mwana wa ndugu yake, mtu mzima mwenye mke na wana, ambaye alikwenda kukaa ukweni Shela. Alimtaka shangazi yake aende naye. Bi Mwanamkisi hakutaka kuwekwa ukumbini mwa watu. Alitaka mlango wake mwenyewe, na siku yake ikifika atolewe katika mlango huo. Maneno hayo aliyasema kila siku, wala si kwa huzuni, kama mtu anavyosema anataka chumvi.

Kisha serikali ikatangaza viwanja. Watakaopewa ni wale ambao nyumba zao za bara hazipo tena. Wenye nyumba zilizosimama wangoje, vita vikiisha watarudishwa kwao. Aliyeandikisha alikuwa karani mmoja kijana kutoka Nyeri, Nicodemus Ndirangu, mtu wa kanisani, mpole, anayevaa tai hata katika joto la Amu. Kila mtu alitakiwa aseme mbele yake kuwa nyumba yake haipo, kisha atie kidole gumba kwenye karatasi. Daftari lingefungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kabla ya sala.

Wengine walitia kidole mbio. Bi Mwanamkisi hakutia.

"Nitasemaje haipo, na nilipoiondokea ipo?" alimwambia Nicodemus. Mimi nilikuwepo. "Bwana, hicho ni kiapo."

"Mama, ni karatasi tu."

"Kwako ni karatasi. Mimi nataka mtu aliyeona."

Siku hizo bara kulikuwa marufuku kwenda. Lakini majahazi ya boriti yaliruhusiwa kuingia mikokoni na askari wawili juu yake, na nahodha mmoja, Fadhil, mtu wa maneno machache, alikuwa akitafuta mpishi. Niliposikia nikaenda. Sikwenda kwa ajili ya Bi Mwanamkisi, nilikwenda kwa kuwa nilikuwa nimekaa Amu miezi mitano na nyayo zinanichoma. Ila nilipomuaga akanishika kanzu.

"Mkiteka mayi Mwambuni, niangalilie nyumba yangu. Ya tatu kutoka msikitini, ina mlimau. Uje uniambie ilivyo. Ikiwa haipo nitatia kidole na roho yangu itulie. Ikiwa ipo nitangoja."

"Nitakuja kukwambia."

"Kabla ya Ijumaa ile ya daftari."

"Kabla ya Ijumaa."

Tulikaa mikokoni siku kumi na sita. Siku ya kumi na nne maji ya kunywa yalipungua, tukaelekea Mwambuni. Nilishuka na madebe pamoja na Fadhil na askari mmoja. Kisimani harufu ilitupokea kabla hatujafika. Walikuwa wametumbukiza mizoga ya mbuzi. Nani, sijui, na askari hakujua. Niliweka madebe chini, nikawaacha wao kisimani, nikatembea kijiji chote, nyumba kwa nyumba. Ya tatu kutoka msikitini niliiona. Makuti yalikuwa yameungua yakaangukia ndani, ukuta wa mawe na udongo umebaki wa kufika kifuani, na mlimau ulikuwa kijiti cheusi. Nilisema moyoni, vyema, jibu ni rahisi, atatia kidole.

Tuliporudi, jahazi lilinishusha Amu siku ya Jumatatu, nikiwa na homa kidogo. Fadhil na wenzake hawakutia nanga hata saa moja. Walikwenda na boriti zao Mombasa, pamoja na wale askari wawili. Kwa hivyo katika Amu nzima aliyekuwa ameiona Mwambuni ni mimi peke yangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanamkisi. Nilimkuta ukumbini na wanawake wanane au tisa, wote wa Mwambuni, ukili umejaa mapajani. Waliponiona mikono ikasimama. Na kwetu, mtu akikuuliza habari, jibu la kwanza ni zuri. Hata kama umetoka kuzika, utasema njema, kisha utakaa, utakunywa kahawa, watu watapungua, ndipo utasema lakini. Kila mtu anajua. Aliyekuuliza anajua kuwa lile la kwanza ni mlango tu.

"Shekhan," akasema, "habari za Mwambuni?"

"Rembani," nikasema.

Nilikusudia kukaa. Nilikusudia kungoja wale wanawake watoke. Lakini Bi Mwanamkisi hakuwa na subira ya kungoja lakini yangu. Alifunika uso kwa ukili, mabega yakamtikisika, na wale wengine wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja akapiga kigelegele. Alipofunua uso alikuwa amepungua miaka kumi.

"Na mlimau?" akaniuliza.

Hapo ndipo mahali. Nimefika mahali hapo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nasema lile nililotakiwa kusema. Siku ile nilisema, "Umezaa. Hakuna wa kuchuma, malimau yameanguka chini yamejaa."

Jumanne nilirudi na nia ya kumweleza. Alikuwa amenipikia mkate wa sinia, amekwisha kuwaambia jamaa wote, na mume wa Bi Nur alikuwa amekuja kuuliza juu ya nyumba yake, na wengine nyuma yake. Nikawaambia. Kazi niliijua, nilikuwa nimeifanya miaka thelathini. Maji ya kisima ni baridi. Msikitini mikeka imetandikwa kama jana. Njiwa wa fulani wamezaliana. Kila nilichosema kilikuwa cha yumbe la Rembani, nilikibadilisha jina tu. Nilipokuwa nasema niliiona Mwambuni hiyo vizuri zaidi kuliko niliyoiona kwa macho, na wallahi nilikuwa na furaha.

Jumatano ilikuwa hivyo hivyo. Sasa watoto waliokuwa wamesahau kijiji chao walikuwa wanakiita Rembani. Wazazi walicheka, hawakuwakataza.

Alhamisi nilikwenda alfajiri, kabla hajakusanya watu. Nilimkuta analoweka makuti.

"Ya nini hayo, Bi Mwanamkisi?"

"Ya kuezekea. Paa la upande wa jikoni lilikuwa lavuja tangu zamani. Nikirudi sitaki kupoteza siku."

"Daftari linafungwa kesho," nikasema.

"Lifungwe. Wapewe wasio na kwao." Akaniangalia. "Mbona uso wako umekuwa hivyo? Homa haijakutoka?"

"Bado kidogo."

"Keti. Nikutilie chai ya tangawizi."

Nikaketi nikanywa chai.

Ijumaa Nicodemus alinifuata mwenyewe. Nilikuwa nimekaa barazani penye mwuza kahawa, na waliokaa nami walikuwa wazee saba au wanane, watu ambao kwa siku nne walinisikia nikiieleza Mwambuni na kunitaka nirudie. Alikuja na daftari kwapani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, Mzee. Nina swali moja tu, halafu nikuache unywe kahawa yako."

"Marahaba. Uliza, Bwana Nicodemus."

"Mama Mwanamkisi amekataa kabisa kutia kidole. Na jamaa wengine wanne leo asubuhi wamekuja kufuta majina yao. Wote wanasema nyumba zipo, na shahidi ni wewe." Alishusha sauti, lakini baraza ni ndogo. "Mzee, mimi kiwanja cha yule mama nimekiweka kando. Kipo karibu na maji. Ukiniambia nyumba yake haipo, naandika sasa hivi. Mengine nitajua namna ya kuyatengeneza."

Wazee walinisogelea kunisikiliza. Mmoja alikuwa ameshatabasamu, anangoja yale malimau.

"Alivyokwambia Bi Mwanamkisi ndivyo," nikasema.

"Ndivyo, kwa macho yako?"

"Ndivyo."

Alifungua daftari juu ya goti, akatoa rula, akapiga mstari. Kisha akashukuru na kwenda zake.

Watu wameniuliza kwa nini. Nimewapa sababu nyingi, za huruma, za homa, za kutotaka kuvunja moyo wa mjane. Zote nilizitunga baadaye. Niliona haya. Nilikuwa nimesikilizwa siku nne kama mfalme na sikutaka kuwa mrongo siku ya tano.

Fadhil alirudi kutoka Mombasa baada ya siku thelathini na saba. Aliposhuka gatini alimkuta Hamdun amesimama na kikapu, akampa mkono na kumwambia, "Poleni kwa yaliyoifika Mwambuni." Hamdun akamwuliza, pole ya nini. Fadhil, kama nilivyosema, ni mtu wa maneno machache. Akamwambia kisima, akamwambia nyumba, akaenda zake.

Habari ilinifikia saa nne asubuhi. Kitu cha kwanza nilichofanya nilikwenda ofisini kwa Nicodemus nikamweleza yote, nimesimama. Alinisogezea kiti, sikukaa.

"Orodha ilikwenda Mombasa wiki tatu zilizopita," akasema. "Kile kiwanja wamepewa watu wa Rubu, nao wamekimbia bara, mume na mke na watoto watano. Wameshachimba msingi."

"Andika barua, mwanangu."

"Nitaandika. Nitaandika kwa ajili ya Mama Mwanamkisi na wale jamaa wanne. Lakini wataniuliza shahidi ni nani, Mzee. Niwaambie ni yule yule?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshika kalamu, kweli anangoja nimwambie la kuandika.

Kitu cha pili nilichofanya nilikwenda chumbani kwangu nikaanza kufunga mzigo. Palikuwa na motaboti ya Malindi asubuhi ya pili. Nilikuwa nakunja shuka Hamdun alipobisha. Nilidhani amekuja kunipiga, na nilikuwa radhi.

"Ami," akasema, "shangazi akuita."

Nilimkuta Bi Mwanamkisi peke yake. Wanawake amewaondoa, na mikononi hakuwa na ukili. Sikupata kumwona na mikono mitupu kabla ya siku hiyo.

"Fadhil asema kisima kina mizoga."

"Ndiyo."

"Ulikiona siku ile."

"Nilikiona."

"Na nyumba yangu uliiona."

"Niliiona."

"Na ukanywa chai yangu Alhamisi." Akajiweka sawa mkekani. "Kiwanja apewa nani?"

"Watu wa Rubu. Wana watoto watano."

"Basi wana haki yao."

Nikamwambia, "Bi Mwanamkisi, Pate nina chumba kimoja cha mawe. Ni fungu langu katika urithi wa mama. Kichukue. Nitakuandikia mbele ya kadhi leo."

"Pate nina nani mimi? Nani atanijua nikifa?" Alitikisa kichwa. "Nakwenda Shela kwa Hamdun. Wakwe zake wanitilia kitanda ukumbini penye mitungi. Ni watu wazuri. Watanivumilia."

Nilianza kuomba msamaha. Aliinua mkono.

"Hayo baadaye. Una deni la kazi niliyokutuma. Nilikwambia uje uniambie ilivyo. Haya, niambie."

"Umekwisha kuambiwa na Fadhil."

"Fadhil alisimama kisimani tu, hakutembea. Wewe ulitembea, nakujua, hiyo miguu haiwezi kukaa. Jamaa kumi na moja wako huko nje wasikia maneno nusu nusu. Ni mimi niliyewaambia nyumba zao zipo, na wanne kati yao walifuta majina kwa ajili yangu. Nitakwenda kwao mmoja mmoja kabla sijaenda Shela, na kila mmoja nitamwambia yake. Anza pwani. Na usinipambie."

Nikaanza pwani. Nilisema mtumbwi wa Bwana Shali umetobolewa. Nilisema kisima. Nilisema msikiti hauna paa, mikeka hakuna, mihrabu imesimama. Kila neno lilitoka zito, maana nilikuwa sijazoea kuhadithia bila kumwangalia msikilizaji kama amependa. Yeye alikuwa amefumba macho na kuhesabu kwa vidole. Nyumba ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, nguzo mbili. Nilipofika ya tatu akasema, "Pita, yangu nimeshaijua."

Nyumba ya nne nilisema ni ya Bi Nur, ukuta wa nyuma umesimama na kidaka kimoja kizima cha kuwekea taa.

"Bi Nur hana kidaka ukuta wa nyuma," akasema. "Huo ni wa Mwana Aziza. Ya Bi Nur i upande wa kisimani. Usimpe mtu ukuta asio nao. Rudi nyuma."

Nikafumba macho na mimi, nikarudi kisimani, nikashika njia upya.